Siku Mama Alipomfuata Kiboko

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia Musinzira, mtaani kwetu Gitega, mtanisaidia, likizo haikuwa hoteli. Likizo ilikuwa nyuma ya kamyoneti, tumekalia mabunda ya vitambaa vya baba, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, kutoka Gitega mpaka kwa shangazi Mariamu, mashambani Muyinga, karibu na mto Ruvubu. Tulicheza mpira wa majani makavu ya migomba. Tulikula maharage ya mawese na ndagala, vile vidagaa vya ziwani, tukilamba vidole mpaka shangazi aseme, "Basi, mtameza na mikono!"

Baba alikuwa fundi cherehani. Alinunua kamera iliyotumika huko mpakani Kobero ili apige watu picha za sikukuu, lakini aliyeipenda ni mama. Tukifika tu kwa shangazi, anaivaa shingoni na kwenda kuvizia wanyama: misambi, wale korongo wenye taji la dhahabu kichwani, tumbili wezi wa mahindi, hata kenge. Baba alinung'unika, akimwita kwa jina langu, "Mama Hawa, filamu si majani. Utaimaliza kwa tumbili?" Mama alicheka tu.

Mwaka ule alitaka kiboko. Shangazi alimkanya: "Wifi, ile nyama ya majini haiko ya kucheza nayo." Mchana mmoja wa mawingu, tukiwa tunamenya mihogo, baba aliuliza mama yuko wapi. Hakuna aliyejua. Kamera nayo haikuwepo. Mara binamu yangu akaja mbio kutoka bondeni, anahema: kiboko ametoka majini, na mama amepanda juu ya kichuguu, hana pa kwenda.

Sikuwahi kumwona baba akikimbia kabla ya siku hiyo. Alitoka peku. Nyuma yake shangazi, majirani na sisi watoto, mikononi madumu na sufuria. Tulipofika ukingo wa bonde tulikiona kilemba cha njano cha mama juu ya kichuguu, na chini yake mgongo mkubwa wa kijivu, mnyama anakula majani bila haraka. Mama hakutikisika.

"Acheni wazi upande wa mto!" shangazi alisema. "Pigeni kelele toka huku juu."

Tukapiga. Mimi nilipiga sufuria huku nalia. Kiboko aliinua kichwa, akatuangalia, masikio yakichezacheza. Nilidhani anatujia. Kisha akageuka, akayalaza matete, na tukasikia maji: pwaa!

Mama akashuka, gauni limejaa tope. Sisi watoto tulijua leo atagombezwa. Lakini baba alikaa chini kwenye nyasi, pale pale miguuni pake.

"We, uko mzima?"

"Niko mzima, Baba Hawa. Sina hata mkwaruzo."

"Basi. Alhamdulillahi. Basi." Alilishika pindo la gauni la mama, na hakuliachia.

"Ila nimempata," mama akasema, akigusa kamera.

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Tukacheka wote mpaka tukashika mbavu, na njia nzima ya kurudi kila mtu alitaka kumgusa mama, bega, mkono, hata kilemba. Ugali wa jioni ile sijapata kuula tena.

Picha tuliisubiri kwa hamu Gitega. Ilipotoka, ilionyesha kitu kama jiwe lililoloa. Baba aliibandika ukutani dukani. Mteja akija kupimwa suruali, lazima asikie: "Mke wangu ndiye aliyepiga. Kiboko alikuwa hapo tu!"

Likizo iliyopita niliwapeleka wanangu kule kule. Vijana wetu hawa! Walijipiga picha wenyewe asubuhi nzima, midomo wameichongoa, na misambi ikapita nyuma ya migongo yao bila kuonwa na mtu. Baba na shangazi wametangulia mbele ya haki. Mama tunaye bado, nashukuru kila nikimwona. Safari hiyo alikuwa nasi; mjukuu alimpa simu, naye akaishika kwa mikono miwili, akimlenga ndege aliyewapa mgongo.

"Bibi, piga tu, sava, haina shida, mbaya tutazifuta."

Mama alikuwa anangoja ndege ageuke. Nikaketi kando yake, nikazuia pumzi, nami nikangoja.