Chupa Tatu za Mama

Kwetu Kaagya mtu haendi kumsalimia mzazi mikono mitupu. Zamani ilikuwa sukari, sabuni, samaki wa Kemondo. Siku hizi, jamani, ni vidonge! Mama alipoanza kulalamika magoti, sisi wanawe tukageuka madaktari. Kaka yangu wa Muleba akamletea vitamini D. Dada yetu wa Dar es Salaam akatuma vitamini hiyohiyo, tena yenye kalsiamu. Nami ninayeishi Hamugembe, hapo Bukoba mjini, nikanunua yangu, ile kali. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kila nilipofika, kabla hata hajanipa kahawa ya kutafuna, mama alimeza kidonge mbele yangu na kunishukuru mpaka nikaona haya. Nikirudi mjini nilijiona mtoto wa maana.

Jumapili moja mama akajikunja kanisani, ameshika ubavu, jasho linamtoka. Tukamkimbiza hospitali Bukoba mjini. Walikuta mawe kwenye figo, na figo ya kushoto ilikuwa imevimba. Daktari akauliza anatumia dawa gani, nami nikaitaja chupa yangu kwa majivuno. Mama akafungua mkoba wake, akapanga chupa tatu kitandani.

"Unameza zote, mama?" daktari akamuuliza.

"Zote. Kila siku."

Daktari akashusha pumzi. Alisema vitamini D yenyewe si adui, ukipimwa na kuambiwa kiasi. Ila ukirundika dozi kubwa, tena na kalsiamu, kalsiamu hujaa kwenye damu, figo zikaelemewa, na mawe yakaweza kuota. Hakuapa kwamba ndicho chanzo, ila aliamuru aache zote siku hiyohiyo, la sivyo figo ile tungeipoteza.

Daktari alipotoka, hasira zikanipanda mpaka machozi. Nilimkasirikia kaka, nikamkasirikia dada, lakini aliyekuwa karibu ni mama, basi nikamalizia kwake.

"Waitu, mama! Chupa tatu za kitu kimoja! Si ulijua ni zilezile?"

"Nilijua. Mjukuu alinisomea."

"Sasa kwa nini hukuacha mojawapo?"

"Ningeacha ya nani?"

"Ya yeyote!"

Akageuza uso ukutani, maumivu yakimbana tena.

"Huyo yeyote," akasema, "ndiye angeacha kuja."