Nilivyokwenda Hadado Kuomba Radhi ya Abdille

Habari ya kifo cha Abdille ilinikuta Malindi, mbele ya nyumba yangu, nikichekecha chokaa. Dereva wa lori la ngozi, ambaye kila akishuka kutoka Wajir hupita kwangu kunitania, siku hiyo hakutania. Alisema, "Bakari, yule mwenzako wa Hadado ametangulia mbele ya haki. Homa, siku tatu tu." Nikasema inna lillahi, nikaendelea kuchekecha. Mke wangu ndiye aliyetoka akanishika mkono, maana chokaa nilikuwa naimwaga nje ya karai.

Wengi hapa kwetu wameniuliza mtu wa makamo yangu alifuata nini huko jangwani, kwa marehemu ambaye si ndugu yake wa tumbo. Nitawaeleza, na aibu yangu nitaieleza pia. Miaka saba nyuma nilimtukana Abdille mbele ya watu, nami sikuwahi kumwomba radhi. Sheikh wetu hutukumbusha kila Ramadhani, na sisi hutikisa vichwa kama tumesikia: haki yake Mungu akitaka huisamehe, lakini haki ya mja anayo mja mwenyewe. Mja wangu alikuwa keshazikwa. Waliobaki ni warithi wake, mkewe Habiba na wanawe, mkubwa wao Yusuf. Wao wakininyima radhi, basi mzigo huo nitakwenda nao kaburini.

Siku ya kuondoka nilibeba kikapu cha tende, sabuni, na bafta nyeupe kwa ajili ya mjane. Vyombo vya kazi sikubeba. Nilijiambia nakwenda kuhani, siendi kujenga.

Garsen tulifika alasiri kwa lori. Mto Tana ulikuwa umejaa, maji mekundu kama udongo wa kufinyangia, na pantoni ilikuwa imefungwa upande wa pili. Tulingoja siku mbili, tukila samaki wa mtoni na wali wa Wapokomo. Wenzangu walilalamika, mimi la. Mtu aliyechelewa miaka saba ana uso gani wa kulalamikia siku mbili?

Garissa ilinibidi kuomba pasi, kwani bila pasi hakuna mtu wa pwani anayeruhusiwa kupanda kaskazini. Karani alinitazama juu ya miwani.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kuhani."

"Amekufa lini?"

"Mwezi wa pili huu."

"Na ndiyo kwanza unakwenda kuhani?"

"Bwana wee," nikamwambia, "kuchelewa najua nimechelewa. Nipe pasi niende."

Akacheka, akagonga muhuri.

Jioni ile nilikunywa chai kwa mzee mmoja wa Kisomali karibu na soko la mifugo. Nilipomtajia Abdille aliweka birika chini. "Abdille wa sukari!" akasema. Nikajua tunamzungumzia mtu mmoja. Abdille alikuwa hanywi chai yenye sukari akiwa safarini au kazini. Alikuwa akiomba fungu lake la sukari kando, analifunga kwenye pembe ya shuka yake, na fundo hilo halifunguliwi mpaka afike nyumbani kwa wanawe. Nimefanya naye kazi mwaka mzima nikimwona anakunja uso kwa uchungu wa chai, na kila nikimcheka hunijibu, "Mimi nimekunywa nyingi, fundi. Watoto bado." Yule mzee alikataa malipo yangu, akafuta macho kwa kilemba chake.

Kutoka Garissa kwenda Habaswein tulisafiri kutwa juu ya magunia, vumbi puani, jua utosini. Barabara ni mchanga na miiba, na twiga wanaokutazama kama wapangaji wanaomtazama mgeni. Hapo juu ya magunia ndipo nilipoyapitia yote upya, sikuwa na pa kukimbilia.

Mimi nilipelekwa Wajir kujenga, na kazi ile ilipokwisha watu wa Hadado wakaniomba niwajengee birika la kunyweshea mifugo kando ya kisima. Kisima chenyewe alikuwa anakichimba Abdille. Mtu mwembamba, mrefu, amevaa kikoi kimoja, na mtaimbo wake ulikuwa umeliwa nusu kwa kazi. Kila kapu la udongo likipanda yeye husema "Subhanallah," na mimi juu nikijua idadi ya makapu kwa kuzisikia subhanallah zake. Wakati huo maji tuliletewa kwa ngamia, kibuyu kimoja kila mtu. Adhuhuri moja nilimwona anamnywesha kondoo mmoja dhaifu maji yake ya udhu, kisha akapiga mikono mchangani akatayamamu. Nikamuuliza, na wewe utakunywa nini? Akasema, "Mimi naweza kuomba, fundi. Kondoo anamwomba nani?"

Maji yalipotoka, nikajenga birika. Sasa sisi pwani birika tunalolijua ni la msikitini: lenye kina, kingo zake ndefu, watu wachote watawadhe. Nikajenga hilo hilo, nikalisugua mpaka likang'aa. Ngamia wakanywa vizuri. Wakaja mbuzi na kondoo. Wakasimama chini ya ukuta, wanasikia maji, hawayafikii, wanalia. Mwanambuzi mmoja akaruka, akatumbukia ndani.

Abdille akamtoa, akamfuta kwa shuka yake, akasema, "Fundi, hii birika nzuri kabisa. Lakini mbuzi habana tawadha. Mbuzi nakunywa."

Watu wote foleni wakaangua kicheko. Hakuwa na ubaya, alikuwa ananitania kama tulivyotaniana mwaka mzima. Lakini mimi hasira zangu ziko puani. Nikamwambia, mbele ya mkewe, mbele ya wanawe, mbele ya wazee wa ukoo wake: "Wewe umezaliwa mkiani mwa ngamia, kazi ya mawe umeijulia wapi?" Nikautupa mwiko wangu mchangani. Kicheko kikakatika. Abdille akaniangalia, kisha akasema kwa upole, "Fundi, kaa. Kunywa chai kwanza."

Sikukaa. Asubuhi yake nilikuwa juu ya lori.

Tangu hapo yule dereva wa ngozi aliniletea salamu mara tatu. Kila mara maneno yale yale: "Abdille anakusalimu, anasema mawe yako tayari." Nami kila mara nilidhani ananikumbusha kicheko cha watu. Sikurudisha jibu hata mara moja.

Wajir tuliingia asubuhi, nyumba zake nyeupe zikiumiza macho. Hakukuwa na lori la Hadado, nikaungana na wafanyabiashara wawili wenye ngamia wa chumvi na majani ya chai, tukatembea siku mbili na nusu. Miguu yangu ya pwani ilivimba. Mmoja wao alinionea huruma akataka kunipandisha juu ya ngamia, nikakataa. Nilitaka nifike kwa miguu yangu.

Hadado tulifika jua likiwa limepanda kidogo. Nyumba ya Habiba, ya mikeka na miti iliyopindwa, niliikumbuka. Yusuf alitoka kunipokea. Nilimwacha kijana, sasa ni baba wa watoto wawili, amewahi kuwa askari, na Kiswahili chake ni cha kambini. Alinijua mara moja.

"Bole na safari," akasema. Hakunipa mkono.

Habiba alikuwa bado yumo edani, kwa hiyo sikumwona. Aliketi nyuma ya mkeka, mimi nikaketi nje kwenye ngozi, Yusuf kati yetu akitafsiri. Nilimpa pole, nikaisukuma bafta chini ya mkeka. Kisha nikasema nililolijia. Nilisema nilimkosea mumewe, nilimdhalilisha mbele ya watu wake, na sikuwa na uso, lakini naomba radhi.

Nilisikia mtoto anacheka huko kwa jirani. Kisha sauti ya mama yule, na Yusuf akaitafsiri akitazama chini: "Anasema, Abdille aliacha neno. Mtu ya Malindi akija, msimpe maneno. Mpelekeni kisimani."

Halafu kitu kikasukumwa chini ya mkeka, kimefungwa kitambaa. Nilikifungua. Mwiko wangu. Haukuwa na kutu hata tone. Ulikuwa umepakwa mafuta ya kondoo, na mpini uliokuwa umepasuka ulikuwa umekazwa kwa ukanda wa ngozi. Nililia pale pale, mtu mzima mimi, bila kujificha.

Kisimani, birika langu lilikuwa limesimama vile vile, limepakwa chokaa mpya. Pembeni yake kulikuwa na bakuli kubwa la mbao, limechakaa midomo. Na nyuma ya bakuli, mawe. Yamechongwa, yamepangwa safu safu, na juu yamefunikwa miiba yasikanyagwe. Niliinama nikapima moja kwa kiganja. Shibiri moja na nusu. Nikapima la pili, la tatu. Yote kimo kimoja, kimo cha shingo ya mwanambuzi.

"Kila Ijumaa, akitoka kusali," Yusuf akasema. "Jiwe moja. Akisafiri, akirudi anachonga mawili."

"Na mbuzi walikunywaje miaka yote?"

Akalionyesha lile bakuli kwa mguu. "Yeye akavuta maji, mimi nikamwaga. Asubuhi mpaka adhuhuri. Akizeeka, mimi nikavuta, mimi nikamwaga."

"Kwa nini hamkujenga? Mawe haya hapa!"

Yusuf akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona hasira yake. "Mimi nilitaka! Mimi nilimwambia, baba, wacha tujenge, huyo mtu hatarudi. Akakataa. Akasema, tukijenga sisi, fundi atarudi kwa sababu gani?" Akajishika kiuno. "Baba yangu alikusamehe siku ile ile, lori lako bado halijapotea machoni. Hiyo najua. Lakini mgongo wangu, fundi, mimi sijasamehe bado."

Nilivua kanzu, nikauliza chokaa iko wapi.

Siku nne zilizofuata nilifanya kazi. Chokaa alikuwa keshaichoma marehemu, imo kwenye magunia mawili chini ya kichaka. Nilichimba msingi wa birika la pili, fupi, kwa mtaimbo wake. Bila kukusudia nikajikuta kila kapu la udongo nasema subhanallah. Yusuf alinywesha mifugo yake bila kusema nami, lakini siku ya pili nilikuta maji ya kukandia yameshachotwa, na siku ya tatu alishika upande wa pili wa uzi. Mawe yalitosha sawasawa, pasibaki hata moja. Abdille hakujua kusoma wala kuandika, lakini kipimo chake kilikuwa kipimo.

Siku ya tano, chokaa ilipokaza, tuliyafungulia maji. Mbuzi walikuja mbio kwa mazoea mpaka kwenye bakuli. Walipolikuta tupu wakageuka, wakasimama wamechanganyikiwa, kisha mmoja akainamisha shingo akanywa. Wote wakafuata, wakubwa kwa wadogo, mstari mmoja, bila kusukumana. Wazee waliokuwa siku ile ya kicheko walikuwepo wawili. Safari hii hawakucheka. Walinyanyua mikono wakamwombea marehemu.

Nilikwenda kuosha mikono nijiandae kuondoka. Yusuf akanifuata na birika dogo la chai.

"Fundi," akasema, "kaa. Kunywa chai kwanza."

Nikakaa.

Kabla ya kuondoka nilipelekwa kaburini. Rundo la mawe tu, na mti mmoja wa miiba. Nilisoma Yasini, nikamwambia Abdille maneno ambayo ningemwambia kwa salamu ya dereva, bure, bila kuvimba miguu, miaka saba iliyopita. Hakunijibu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Radhi nimeipata kwa mkewe, nimeipata kwa mwanawe, na najua yeye mwenyewe alinipa kabla sijaiomba, lakini sikuwahi kuiona ikitoka kinywani mwake.

Njia ya kurudi nilikuwa mwepesi wa mzigo na mzito wa moyo. Pale Garissa kwa mzee wa chai niliagiza bila sukari. Nilikunja uso. Fungu langu nililifunga kwenye pembe ya leso, nikalileta mpaka hapa Malindi, na wajukuu wangu walililamba mara moja wakauliza kama limebaki.

Basi nyinyi mnaoniuliza nilijifunza nini huko, na hasa wewe ambaye umenuniana na mwenzio kwa neno la mzaha, sina hotuba. Nenda kwake leo, angali anaweza kukumiminia chai.