Kiti cha Nyuma cha Kigari cha Bibi

Bibi kasema hapandi tena kile kigari cha gofu tulichomnunulia.

Na mimi ndiye niliyekichagua.

Magoti yanamsumbua, tukaona kitamfikisha sokoni bila shida. Viti vyake vya nyuma vimegeuzwa, vinatazama tulikotoka. Dukani niliviona viko sawa tu, jamani.

Leo Baba akaniambia nikae huko nyuma. Nikaona aibu, Ujiji nzima ingenikodolea macho. Nikadanganya kwamba nitatapika.

Bibi akanipisha mbele, akaenda kukaa nyuma yeye.

Watoto wakatukimbilia wakiimba, "Bibi kapakiwa kama dagaa!"

Sikugeuka hata mara moja.

Tuliposhuka nikamwambia, "Bibi, kesho tubadilishane."

"Kesho nitatembea, mjukuu wangu."

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma.

Nyie mngemjibu nini?