Sauti ya Milka, Hadithi za Cherotich

Siku Milka na Cherotich walipoanza kusemezana, walikuwa wakigombania jiko. Katika nyumba ile ya wanawake, mtaa wa Al Mansoura huku Uarabuni, kila mpangaji wa kitanda alikuwa na zamu yake ya kupika, na Alhamisi jioni ilikuwa ya Cherotich, mlinzi wa lango kwenye ghorofa moja la West Bay. Milka aliitaka hiyo Alhamisi kwa udi na uvumba. Ndipo angepata nafasi ya kupika chapati za kuuzia watu wa kanisa, wanaokusanyika Mesaimeer kila Ijumaa.

"Chukua," Cherotich akasema. "Lakini unisomee kitu."

"Kwani hujui kusoma?"

"Sauti yangu inajulikana. Si mimi ndiye ninayesoma matangazo kanisani?"

Kitu chenyewe kilikuwa hadithi. Cherotich aliziandika kwenye simu, za wanawake wanaopenda wanawake, kama yeye alivyompenda Fiona, nesi wa hospitali moja mjini. Wasikilizaji wake walikuwa walinzi na wafanyakazi wa nyumbani, watu wasioruhusiwa kukodolea simu macho kazini. Kisikizi cha sikioni, kikifichwa chini ya mtandio, hakuna anayekiona.

Milka akapima, akaona hapotezi kitu. Akawa anajifunika blanketi na kurekodi. Mambo ya mapenzi hayo hakuyauliza.

"Hawa wawili wa kituoni wataambiana lini kwamba wanapendana?" Milka akalalamika siku moja. "Nimechoka kungoja basi nao."

"Tulia, dada. Si chapati hizi, uzigeuze haraka."

Hadithi zikasambaa kutoka kundi hadi kundi, mpaka zikamfikia Edith, kiongozi wa akina mama kanisani. Job, msimamizi wa Cherotich kazini, alikuwa binamu wa Edith.

Ijumaa, baada ya ibada, Edith akamsimamisha Milka mbele ya watu na kufungulia rekodi kwenye simu.

"Hii sauti ni ya nani?"

Cherotich alikuwa karibu tu, amebeba viti. Akaviweka chini kimoja kimoja. Milka akamwona. Hapa mtu hufungwa kwa jambo hilo, kisha hupandishwa ndege arudi kwao. Akisema amesoma tu, swali la pili litakuwa nani aliyeandika. Yeye Milka ana mume Machakos na watoto. Watamsema, lakini hawatamshuku.

"Yangu."

"Na huu uchafu?"

"Nimetunga mwenyewe."

"Wewe, mama wa watoto!"

"Kwani watoto wameniziba mdomo?"

Wakacheka wachache. Edith hakucheka.

Ijumaa iliyofuata hakuna aliyenunua. Milka akarudi na chapati zake zote, na wenzake wa chumba wakazila bure. Job hakumuuliza Cherotich lolote. Kazi ikabaki, Fiona akabaki.

Ila habari ilishawafikia wasikilizaji kwamba mwandishi amejitokeza. Wakammiminia Milka ujumbe. Mmoja, yaya Mganda, alisema alilazimika kujifungia chooni alie, kwa sababu hakujua kuna mwingine kama yeye mji huu.

Milka akampa Cherotich simu. Akasoma ujumbe wote, hakuruka hata mmoja.

"Hukuwaambia ni mimi?"

"Niwaambie, Edith asikie?"

 Cherotich akaketi kitandani, akaanza kumwandikia Milka maneno ya kuwashukuru wasikilizaji, ayasome kwa sauti yake.