Skrubu Nane za Kifuniko

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Fundi Mkuu wa karakana ya redio za mawasiliano mjini Embu hakunipa bisibisi. Alinipa kitambaa nifute jenereta ya mawimbi, mashine inayotoa mawimbi hafifu yaliyopimwa, ili fundi ajue redio inasikia kiasi gani. Alikuwa Mmeru wa maneno machache, na nilimwogopa.

Alinifundisha kwamba adui wa kipimo ni kuvuja. Mawimbi yanatakiwa yapite tu ndani ya waya unaounganisha mashine na redio. Yakipenya kwenye kifuniko kilicholegea, redio huyadaka hewani, na hata redio kiziwi huonekana nzima. Kwa hiyo kabla ya kupima tulichomoa waya kwanza. Redio ikiendelea kusikia, mashine inavuja, na kazi inasimama.

Kifuniko kilikuwa na skrubu nane. Tulikifungua mara kwa mara kubadilisha fyuzi, nasi vijana tukazoea kurudisha nne tu. Zilizobaki zilikaa kwenye mkebe wa majani chai. Niliona huo ni ujanja.

Mwaka wangu wa tatu nikapima redio ya zahanati moja huko Mbeere. Waya sikuchomoa, gari lilikuwa linangoja, na dereva alinisumbua. Redio ikasikia vizuri sana. Nikaweka sahihi.

Wiki mbili baadaye Fundi Mkuu alinipeleka kule bila kuniambia sababu. Muuguzi alitupatia viti, akatueleza polepole. Mama mmoja alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Muuguzi aliita hospitali asubuhi nzima. Walimsikia, wakamjibu kila mara, wakitaka kujua ambulensi ivukie wapi, maana mto ulikuwa umefurika. Yeye hakusikia hata neno moja. Mwishowe mama alipelekwa kwa pikapu ya makaa, akapona. Mtoto hakupona.

"Nilidhani wamenisikia, wakaninyamazia tu," alisema.

Nilitaka kukiri. Fundi Mkuu akanitangulia.

"Hiyo redio ilipita kwa karakana yangu, sister. Makosa ni yangu."

Njiani hakunigombeza. Aliniambia tu, "Wanja, kesho rudisha skrubu zote."

Nilizirudisha. Baadaye nilihamishiwa Meru, ambako mkaguzi wa karakana ya huko alinicheka kwamba nafanya kazi polepole mno. Sikujali. Nilichomoa waya kila mara hadi nikastaafu.

Sasa naishi mtaa wa Majimbo, mjini Embu. Mwaka jana yule muuguzi, mzee kama mimi, alinishika mkono nje ya kanisa. Alinishukuru kwa redio tulizompelekea baadaye, akasema Mungu amrehemu yule bosi wangu aliyekosea siku ile.

Nilimsikia vizuri, nikamnyamazia.