Abiria Aliyeshushwa Kwanza

Karibu na Makambako tulikuta pikapu iliyovuta tela lenye jeneza imesimama, tairi la tela limepata pancha. Tukasimama kusaidia.

Dereva wa pikapu alizuia magurudumu kwa mawe, akaweka ubao chini ya jeki, akamgeukia mjane aliyekuwa akisindikiza jeneza. "Mama, tushushe mzigo kwanza."

"Huyo si mzigo. Ni mume wangu."

Dereva akavua kofia. "Nisamehe, mama. Tumshushe baba."

Hakuna aliyetaka kumlaza topeni, tukambeba mabegani wanaume sita, mvua ikitunyeshea. Ubao ukadidimia, jeki ikateleza, tela tupu likaanguka kwa kishindo. Mjane akagusa jeneza.

"Mngemwangusha," alisema taratibu.

Dereva alianza upya. Mabasi tunayopanda huinuliwa kwa jeki abiria wakiwa wamekaa ndani. Marehemu yule ndiye wa kwanza niliyemwona akishushwa.