Siku Niliyokataa Kulinda Mabegi

Asubuhi za Kariakoo kwangu zilinuka dagaa wakavu. Mama yangu, mtu wa Lindi, aliwauza kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga, na magunia yake yalilala chumbani pamoja nasi. Nilikuwa darasa la tano. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia tangu nizaliwe, kwa hiyo nilitembea kwa fimbo na kiatu chenye soli nene, kizito kama tofali. Mtaani walishanizoea. Wasukuma mikokoteni walinifokea niwapishe kama walivyomfokea mtu yeyote, na hilo nililipenda.

Msimu ule, mvua za vuli zilipokawia, shule ilipanga kutupeleka kwenye hifadhi ya pwani nje ya jiji, penye msitu wa mikoko. Bahari niliijua ya pale soko la samaki la Feri tu, yenye magamba ya samaki na mafuta yanayoelea. Hiyo nyingine niliiota wiki nzima. Siku mbili kabla ya safari, mwalimu wetu wa darasa alikuja pale barazani. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mama kwamba kule kuna matope, njia ni ndefu, ingefaa nibaki. "Naogopa lawama, Mama Zuhura." Mama aliendelea kupepeta dagaa. "Mwanangu ana miguu miwili, mwalimu," akasema. "Mmoja mfupi, lakini ni miwili. Lawama nitabeba mimi."

Nikaenda. Tulipofika getini mwalimu akaninong'oneza nikae kwenye kibanda cha mlinzi, nilinde mabegi ya wenzangu. Nilikaa, nikawatazama wakiingia kwenye mikoko wawili wawili, wakiimba, mpaka sauti zikapotea. Halafu nikainuka. Mlinzi, mzee mwenye kofia ya kufuma, akauliza naenda wapi.

"Walikokwenda wenzangu."

"Nimeambiwa ubaki."

"Hata mimi nimeambiwa, babu. Lakini naenda."

Alinitazama kidogo, akafunga kibanda mabegi yakiwa ndani, akanifuata hatua chache nyuma. Hakunishika mkono, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Njia ilikuwa ya mbao, nyingine zimeoza, na zilipokatika ilibidi kushuka kwenye tope jeusi lililonuka kama mayai viza. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walikimbilia mashimoni. Nilianguka mara mbili. Baadaye tope likakamata kiatu changu, nilipovuta mguu ukatoka peke yake. Mzee akauliza kama tukitafute. Nikamwambia tutakitafuta tukirudi, nikaendelea peku, nikiegemea fimbo na mizizi ya mikoko mpaka viganja vikachubuka.

Ghafla miti ikaisha. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mweupe umelala mpaka mbali, na bahari ilikuwa safi kiasi kwamba nilidhani haina kina. Wenzangu walikuwa wamekaa wakimsikiliza mhifadhi akieleza jinsi kasa wanavyopanda ufukweni kutaga. Wote wakageuka. Mwalimu akasimama.

"Nilikuambia nini, Zuhura?"

"Uliniambia nibaki, mwalimu."

Sikuomba samahani. Nilimpita, nikaingia baharini mpaka magotini, chumvi ikanichoma kwenye kila mkwaruzo. Kisha nikamsikia mwalimu akimwomba mhifadhi aanze upya habari za kasa, kwa kuwa kuna mwanafunzi amechelewa.

Kiatu hatukukipata. Mama aliponiona peku, nimekaukiwa na tope mpaka mapajani, aliuliza neno moja tu: "Ulifika?" Nikamjibu nilifika. Akaenda kuchota maji ya kuniogesha.

Mwaka huu nimerudi kule, mtu mzima mwenye duka langu la vitenge. Nyumba yetu ya Kariakoo ilishabomolewa, ghorofa limesimama mahali pake. Kule hifadhini wameweka mbao mpya na kamba za kushikilia. Kijana wa mapokezi aliniletea kiti. "Shikamoo mama. Pumzika hapa, tutakuonyesha kila kitu kwenye simu." Nilimwitikia marahaba, nikapita. Utotoni walinizuia kwa amri, na amri niliweza kuikataa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Siku hizi wananizuia kwa adabu, wakiwa na kiti mkononi. Hiyo imenichukua miaka mingi kujifunza kuikataa, na bado naikataa.